Tunda Lipewe Saa Yake: Mwongozo wa Kula Matunda Kila Siku Nyanda za Juu Kusini

Ukitoka Mbeya mjini kushuka Tukuyu, ndizi na maparachichi vinakusindikiza njia nzima. Njombe kuna mashamba ya maparachichi ya aina ya Hass, na miti ya matofaa, mapeasi na mapichi inayopenda baridi ya huko. Hata hivyo nyumba nyingi za ukanda huu zinamaliza wiki bila tunda mezani, labda awepo mgonjwa wa kupelekewa machungwa. Mazao yanapanda malori. Nyumbani panabaki ugali, maharage, mboga na chai.

Hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa, na Njombe ni asilimia 50, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine. Udumavu una sababu nyingi, yakiwemo maradhi ya kuhara, afya ya mama wakati wa ujauzito na kazi zinazomnyima muda wa kumlisha mtoto, na hakuna tunda linaloweza kuuondoa peke yake. Lakini sahani iliyojaa wanga na kukosa karibu kila kitu kingine ni sehemu ya tatizo, na hiyo tunaweza kuishughulikia leo hii jikoni.

Ukichunguza nyumba isiyokula matunda, mara nyingi hutakuta uvivu, na wala si umaskini peke yake. Utakuta kwamba ugali una saa yake, sufuria yake na hela yake, ila tunda halina chochote. Linaliwa likikutwa. Kwa hiyo kazi yote iliyo hapa chini ni kulipatia tunda vitu hivyo vitatu: hela iliyotengwa, chombo kinachoonekana na saa ya kuliwa.

Kiasi gani kinatosha

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, yaani sehemu 5 za gramu 80. Viazi, mihogo na magimbi havimo kwenye hesabu hiyo kwa sababu ni wanga. Ndizi za kupika nazo ziweke upande wa wanga: mbalaga ni chakula kizuri, lakini imechukua nafasi ya ugali, haijachukua nafasi ya tunda. Ndizi mbivu inahesabiwa.

Ukigawa nusu mboga nusu matunda, kila mtu anahitaji gramu 200 za tunda lililomenywa. Huna haja ya mizani ukishazoea vipimo hivi: ndizi mbivu ya wastani ikimenywa ni gramu 100 hadi 120, chungwa la wastani ni kama 130, nusu ya parachichi la Hass ni kama 70, kikombe cha chai kilichojaa vipande vya papai ni kama 140. Ndizi moja na kikombe cha papai, siku imekamilika.

Sasa nyumba ya watu watano. Gramu 200 mara 5 ni kilo 1 kwa siku, kilo 7 kwa wiki. Hapo ongeza maganda na kokwa. Ndizi inapoteza karibu theluthi ya uzito wake, parachichi kati ya robo na theluthi, nanasi karibu nusu. Pera halipotezi kitu. Kwa hiyo ili upate kilo 7 za kula, nunua karibu kilo 10. Kama leo nyumba yako inanunua kilo 1 kwa wiki, usirukie 10. Utaishia kutupa nusu yake na kukata tamaa. Nunua 4 wiki mbili za mwanzo, kisha 6, kisha endelea kupanda kadiri kikapu kinavyoisha chenyewe.

Neno moja kuhusu pera, kwa sababu linadharauliwa mno. Gramu 100 za pera zina takriban miligramu 228 za vitamini C. Chungwa lina kama 53. Pera moja dogo la gramu 55 linazidi mahitaji ya mtu mzima kwa siku nzima. Ni kosa kubwa kuyaacha mapera yaoze chini ya mti huku tukitafuta hela ya machungwa yaliyosafirishwa kutoka Tanga.

Sokoni: kukomaa si kuiva

Hapa ndipo hela nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tunda lililokomaa limemaliza kukua: kokwa imekamilika, nyama imejaa, sukari na mafuta yapo. Tunda lililoiva limeshalainika na liko tayari kuliwa. Lililokomaa likichumwa gumu litaiva nyumbani. Lililochumwa changa halitaiva kamwe, litanyauka tu. Ukinunua parachichi, ukaliweka wiki nzima, ganda likajikunja na ndani likawa kama mpira, hukukosea namna ya kulivundika. Ulinunua changa. Hutokea sana mwanzoni mwa msimu, wakati bei iko juu na wachumaji wana haraka.

Kuna matunda yanayoendelea kuiva baada ya kuchumwa: parachichi, ndizi, embe, papai, pera, pichi, peasi, pasheni. Na kuna yasiyoiva tena: chungwa, chenza, nanasi, tikiti maji, zabibu, stroberi. Haya ya kundi la pili yanunue yakiwa tayari. Nanasi la rangi ya manjano unaloliweka dirishani litalainika, lakini utamu uliokuja nalo ndio huo huo.

Namna ya kuchagua:

Parachichi. Libonyeze karibu na kikonyo, usilibonyeze tumboni. Ukilibonyeza tumboni unaliachia doa jeusi litakalomfikia mnunuzi mwingine. Hass likiiva ganda hugeuka zambarau hadi jeusi, kwa hiyo rangi inasaidia. Aina nyingine nyingi za huku kwetu hubaki kijani hata zikiwa mbivu kabisa, hizo usizipime kwa rangi. Tikisa: kwa aina za kienyeji zenye kokwa kubwa, kokwa inayogonga ndani ni dalili nzuri ya kukomaa.

Papai. Tafuta michirizi ya manjano kuanzia kitako kwenda juu. Robo ikiwa manjano, litaliwa baada ya siku mbili au tatu. Papai la kijani tupu na utomvu mzito mweupe kama maziwa bado halijakomaa. Lipike kama mboga.

Peasi. Hili huwasumbua wengi kwa sababu linaiva kuanzia ndani kuja nje. Ukisubiri tumbo lilainike, katikati limeshaoza. Bonyeza shingo, pale karibu na kikonyo. Shingo ikikubali, lile siku hiyohiyo.

Pasheni. Iliyojikunja kidogo ni tamu kuliko inayong'aa. Angalia uzito: nyepesi mkononi ni kavu ndani.

Tikiti maji. Ligeuze uone sehemu iliyolala ardhini. Ikiwa ya manjano lilikaa shambani hadi likakomaa. Ikiwa nyeupe lilikatwa mapema.

Kwenye mafungu, yaliyo juu ni ya kutazamwa. Iwe ni Soweto au Mwanjelwa kule Mbeya, au Soko Kuu la Iringa, mwombe muuzaji kwa heshima akumwagie fungu au sado kwenye mfuko wako taratibu ili uone ya chini. Muuzaji unayemrudia kila wiki atakuchagulia mwenyewe. Ni faida kubwa kuliko kubishania mia mbili na mtu usiyemwona tena.

Nenda sokoni mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatano na Jumamosi, na kila safari nunua matunda ya hatua tatu: ya leo, ya keshokutwa, na ya kungoja. Kwa watu watano, safari moja inaweza kuwa chane moja ya ndizi zilizoanza kugeuka, papai moja la kilo moja na nusu, maparachichi 6 (mawili laini, mawili yanayokubali kidogo, mawili magumu), na kilo 1 ya kilicho kwenye msimu. Ukinunua vyote vikiwa vibivu, Jumapili mtakula hadi kuchoka na Jumanne mtakuwa mnamwaga.

Kuvundika, na adui anayeitwa baridi

Tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyohiyo huliharakisha tunda la jirani. Ndiyo sayansi ya kuvundika. Chukua mfuko wa kaki au kikapu, weka maparachichi manne hadi sita pamoja na ndizi moja mbivu, kunja mdomo wa mfuko au funika kikapu kwa kanga safi. Weka mahali pasipo na jua. Kuanzia siku ya pili kagua kila asubuhi na utoe yaliyo tayari.

Usitumie mfuko wa plastiki uliofungwa. Unyevu unakusanyika, kikonyo kinaota ukungu, na ukungu unashuka ndani kupitia hapohapo.

Kwenye joto la nyuzi 18 hadi 20 parachichi lililokomaa huchukua siku tatu hadi tano kwa njia hii. Juni hadi Agosti ni habari nyingine. Usiku wa Makete, Njombe na Uyole ni baridi sana, na wiki nzima inaweza kupita bila mabadiliko. Lisogeze kapu jikoni, penye joto la kawaida, lakini mbali na moto. Upande uliopikwa na joto la jiko utalainika ukiwa umekufa, bila ladha.

Ndizi ndiyo inayoumia zaidi. Chini ya nyuzi 13 ganda lake hugeuka kijivu na ndizi haiivi vizuri tena hata ukiirudisha kwenye joto. Kwa hiyo ndizi mbichi haziwekwi friji, wala kwenye sakafu ya saruji usiku wa Julai. Zininginize, au zifunge kwa gazeti ndani ya kapu. Ndizi iliyokwisha kuiva ukiiweka friji itakuwa nyeusi nje, ila ndani iko salama kwa siku mbili tatu.

Kuna wanaoivisha maembe na ndizi kwa kabaidi. Unga huo ukikutana na unyevu hutoa gesi inayoigiza ethilini, na kabaidi ya viwandani huweza kubeba mabaki ya aseniki na fosforasi. Shuku mzigo ambao matunda yote yana rangi moja isiyo na baka, kikonyo bado kijani kibichi, nje laini na ndani gumu, na pua haipati harufu yoyote. Dalili hizi si hukumu, lakini ukiziona pamoja, pita fungu lingine.

Kuosha

Osha tunda kabla ya kulimenya, hata lenye ganda unalolitupa. Kisu hupita kwenye ganda na kubeba uchafu wa nje hadi ndani. Tumia maji yanayotiririka na usugue kwa mkono. Kwa matikiti na mananasi tumia brashi. Sabuni haitakiwi, kwani ngozi ya tunda huinyonya. Kama maji yako ni ya kisima kifupi, mto au mfereji, suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa, hasa kwa matunda yanayoliwa na maganda yake kama pera, tofaa, pichi na stroberi.

Osha unayokula sasa. Tunda lililooshwa likarudishwa kapuni na majimaji yake huoza haraka.

Vipande vya tikiti na nanasi vinavyouzwa stendi ni vizuri kama vimekatwa mbele yako. Vilivyokaa juani ndani ya mfuko kwa zaidi ya saa mbili viache, msimu wa kipindupindu usiviguse kabisa. Nyumbani, kisu na ubao wa matunda visiwe vile vya nyama.

Nyakati tatu za kula

Asubuhi kabla ya chai. Weka sahani ya matunda mezani dakika kumi kabla chai haijamiminwa. Watu wakiwa na njaa hawachagui sana. Baada ya chai na maandazi, papai litabaki. Siku ambazo kuna mkate, viazi vitamu au magimbi, ponda parachichi na chumvi chembe na limau, pakaza badala ya majarini.

Saa nne au saa kumi. Hii ni saa ya ndizi, kwa sababu inabebeka na ina ganda lake mwenyewe. Mfanyakazi wa ofisini aweke mbili kwenye mkoba, mwendesha bodaboda aziweke mahali pasipo na joto la injini, mwanafunzi apewe moja pamoja na pera. Iwe na jina la mtu: ndizi isiyo na mwenyewe hubaki kapuni.

Mchana pamoja na maharage. Hapa pana faida isiyojulikana vya kutosha. Madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani hunyonywa kwa shida mwilini, na vitamini C inayoliwa kwenye mlo uleule huyasaidia sana. Pera moja, chungwa, kipande cha papai, au limau lililokamuliwa juu ya mboga vinatosha. Chai hufanya kinyume. Tanini zake hushika chuma kisifyonzwe. Kwa mama mjamzito na binti mwenye hedhi, kuisogeza chai saa moja mbali na mlo na kuweka tunda mahali pake ni badiliko dogo lenye maana kubwa.

Kande na parachichi watu wa huku wanavijua, na ni mchanganyiko mzuri mno: mahindi, maharage na mafuta mazuri kwa pamoja. Kumbuka tu kuwa parachichi lina takriban gramu 15 za mafuta kwa kila gramu 100, kwa hiyo siku lililopo punguza mafuta ya kukaangia.

Imani kwamba tunda likiliwa baada ya chakula huozea tumboni haina msingi. Asidi ya tumbo hairuhusu hilo. Kula kabla, pamoja au baada, mradi liliwe.

Na chombo. Weka sinia au kapu wazi katikati ya meza, ndani ya upeo wa macho ya mtoto. Matunda yaliyofichwa kabatini yanasahaulika hadi yanuke.

Soda, juisi na mgeni

Soda ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na linasema ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Soda moja na vikombe viwili vya chai yenye vijiko vitatu kila kimoja, umeshapita. Punguza sukari ya chai nusu kijiko kila wiki mbili. Ulimi huzoea bila ugomvi.

Juisi si tunda. Unapokamua machungwa manne unatupa nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na unakunywa kwa dakika moja kile ambacho ungekitafuna kwa robo saa. Ukiitaka, saga tunda zima kwenye blenda, usichuje, usiongeze sukari, na ukomee kikombe kidogo cha mililita 150. Nyama ya pasheni 4 kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, pamoja na ndizi moja mbivu ya kuleta utamu, inatosha watu watano. Pakiti za dukani zisome nyuma: viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi, na nyingi huanza na maji, kisha sukari, tunda likifuata kwa mbali.

Kuhusu mgeni: wengi huona aibu kumkaribisha mtu bila kumtuma mtoto soda. Sinia la papai lililokatwa vizuri, limau pembeni na uma, pamoja na maji, ni heshima kamili. Likatwe akiwa ameshakaa, limfikie likiwa safi na la baridi.

Watoto na wagonjwa

Mtoto akifikisha miezi 6 anza na vijiko viwili vya parachichi, ndizi au papai lililopondwa kwa uma safi, tunda moja jipya kila baada ya siku mbili au tatu, huku akiendelea kunyonya. Usimchujie juisi. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 hatari kubwa ni kukabwa: zabibu zikatwe kwa urefu mara nne, tofaa na pera gumu vikunwe au vichemshwe kidogo, kokwa zote zitolewe, na mtoto ale akiwa amekaa.

Mwenye kisukari hakatazwi matunda. Ale tunda zima, asinywe juisi. Nusu ndizi isiyoiva kupita kiasi kwa wakati mmoja, au tofaa, pera, parachichi. Embe kubwa zima kwa mkupuo ni nyingi mno kwake. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amwone daktari wake kabla ya kuongeza ndizi na maparachichi, maana yana potasiamu nyingi. Balungi huingiliana na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kushusha lehemu. Anayemeza dawa hizo aulize mfamasia kwanza.

Msimu

Ndizi na papai hupatikana mwaka mzima, maembe hujaa kuanzia Novemba hadi Januari, na mapichi huja wakati wa mvua. Machungwa na machenza huwa mengi na rahisi kipindi cha baridi. Kwenye misitu ya miombo, mvua ikichanganya, tafuta makusu, matunda ya porini. Ukanda wa chini wa Iringa wenye mibuyu na mikwaju una ubuyu na ukwaju unaokaa miezi, na ubuyu usiopakwa sukari na rangi ni chanzo kizuri cha vitamini C pale kapu linapokuwa tupu. Kanuni ya bei ni moja: kilichojaa kila meza sokoni wiki hii ndicho cha kununua.

Kukausha kinachozidi

Juni hadi Oktoba jua la Nyanda za Juu ni kavu na hewa haina unyevu, wakati mzuri wa kukausha ndizi na mananasi. Maembe yana bahati mbaya ya kuiva wakati wa mvua; bila kikaushio chenye paa la nailoni angavu yataota ukungu.

Chagua tunda lililoiva lakini bado limekaza. Kata vipande vya milimita 5, vyote unene mmoja. Loweka dakika 5 hadi 10 kwenye lita 1 ya maji yenye juisi ya malimau manne ili visigeuke vyeusi, kisha vipange bila kugusana juu ya wavu wa plastiki ulioinuliwa kutoka chini, ufunike kwa chandarua kuzuia nzi. Geuza mara mbili kwa siku. Jioni ingiza ndani, la sivyo umande utarudisha ulichopoteza mchana. Siku mbili hadi nne zinatosha. Kipande kilicho tayari hupinda bila kuvunjika, na ukikibana hakitoi majimaji.

Kosa la kawaida ni vipande vinene vilivyoanikwa kwenye jua kali sana. Ngozi ya nje inakauka na kuziba, unyevu unabaki ndani, na baada ya wiki mbili kopo zima lina ukungu. Ndiyo maana kwa siku saba za mwanzo weka vipande kwenye chupa ya kioo na uitikise kila siku. Ukiona matone kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Kilo 10 za ndizi na maganda yake zitakuachia karibu kilo 2 kavu. Sukari yote imejikusanya humo, hivyo sehemu moja ni gramu 30, si bakuli.

Mche uani

Papai ndilo la kuanzia, linazaa kati ya miezi 9 na 12 sehemu za joto kama Kyela au Usangu, na huchelewa zaidi penye baridi. Panda miche mitatu kwenye shimo moja kwa sababu hujui upi ni dume. Ikianza kutoa maua, dume utalijua kwa vikonyo virefu vinavyoning'inia na maua mengi madogo. Jike lina ua kubwa lililobana shinani. Bakiza jike lenye nguvu, na dume moja kwa kila majike kumi kama hakuna jirani mwenye nalo. Maji yasituame shinani hata siku moja, mizizi ya papai huoza upesi.

Pasheni hupanda kwenye uzio na kuzaa ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Hukubali baridi ya Mbeya na Iringa, haikubali barafu ya Makete.

Parachichi nunua mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti bora, kutoka kitalu kinachojulikana. Ofisa ugani wa kata au watu wa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, watakuelekeza. Wa kubebeshwa huanza kuzaa karibu mwaka wa 3, wa mbegu unaweza kukusubirisha miaka 7 na usijue utazaa nini. Chimba sentimita 60 kwa kila upande, tenga udongo wa juu, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza kabisa, na urudishe. Sehemu ya kubebeshea ibaki juu ya ardhi. Udongo ulioinuka kidogo kama kichuguu ni bora kuliko uliobonyea kama sahani inayokusanya maji, kwani ugonjwa wa kuoza mizizi unaoua maparachichi mengi huanzia kwenye maji yaliyosimama. Tandaza majani makavu kuzunguka mche, ukiacha kiganja kimoja cha nafasi kati ya matandazo na shina.